Kioo cha Tangi Kikigeuka Kijani: Kudhibiti Mwani kwa Wafugaji wa Samaki wa Mapambo, Voi na Taita Taveta

Kaunti ya Taita Taveta ina maziwa mawili yaliyo jirani lakini hayafanani. Chala limo ndani ya kreta, kina chake kinakaribia mita 90, na maji yake mengi huingia kwa chini, yakiwa yamechujwa na miamba ya Kilimanjaro. Jipe ni la kina kifupi. Sehemu nyingi halifiki hata mita 3. Mto Lumi huliingizia udongo na rutuba ya mashambani, na kingo zake zimezongwa na magugu hadi mitumbwi hupita kwa taabu. Jua linaloyapiga ni lile lile. Tofauti kubwa iko kwenye kina na kwenye chakula kinachoingia majini. Mwenye tangi la samaki mjini Voi ambaye kioo chake kimefunikwa na utelezi wa kijani aanzie hapo, kabla ya kwenda dukani kuulizia dawa.

Mwani unaishi kwa mwanga na kwa rutuba, hasa nitrati na fosfati, ambazo tangini hutokana na kinyesi cha samaki, majani yanayooza na chakula kilichobaki. Mimea ya majini inataka vitu hivyo hivyo. Kwa hiyo tangi lenye mimea mingi inayokua vizuri huuacha mwani na njaa, na tangi lenye vijimea viwili vitatu vilivyonyong'onyea huupa mwani kila kitu.

Mwanga ndio wa kurekebisha kwanza, na katika hili mazingira yetu yana jambo lake. Voi iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, hivyo mchana wake ni wa karibu saa 12, iwe Januari au Julai. Vitabu vingi vya samaki wa mapambo vimeandikiwa watu wa nchi za baridi, ambako jua la dirishani ni hafifu kwa miezi kadhaa ya mwaka. Tangi likiwekwa dirishani Voi, Mwatate au Taveta, hupigwa na mwanga mwaka mzima bila kupumzika. Lihamishie kwenye ukuta wa ndani. Kama haliwezi kuhama, bandika karatasi nyeusi kwenye kioo kinachotazama dirisha. Kisha washa taa ya tangi kwa saa 6 tu kwa siku, kwa saa zile zile kila siku, na usizidishe 8 hata mimea ikishamiri. Anayeshinda kazini anaweza kuwasha saa tisa alasiri na kuzima saa tatu usiku, akafurahia samaki wake jioni. Swichi yenye saa inayojizima ni msaada mkubwa, kwa kuwa binadamu husahau.

Linalofuata ni mkono unaolisha. Samaki wapewe kile wanachokimaliza kwa dakika mbili, mara moja kwa siku, na siku moja ya wiki wasipewe chochote, hawatadhurika. Unga wa omena ni chakula kizuri, lakini vumbi lake huchafua maji haraka, kwa hiyo upepete kwanza. Idadi ya samaki nayo ihesabiwe. Mwani unaorudi kila baada ya kusuguliwa mara nyingi unatuambia kwamba tangi limebeba samaki wengi kuliko mimea inavyoweza kuwasafishia.

Chini ya kokoto kuna akiba ya uchafu ambayo wengi hawaifikirii. Ziwa Chala linaonyesha hili vizuri. Katika miezi ya upepo, kuanzia katikati ya mwaka, maji ya juu hupoa na kuchanganyika na ya chini, rutuba iliyolala kilindini hupanda, na vimwani vidogo viitwavyo dayatomu huongezeka kwa wingi, kisha hufa na kuzama. Kila mwaka huacha utando mweupe sakafuni, na watafiti waliochimbua tope hilo wamesoma ndani yake historia ya mvua na ukame ya zaidi ya miaka 25,000. Ukichimbua kokoto zote za tangi lako kwa siku moja, unafanya kazi ya upepo ule: rutuba yote inapanda kwa mpigo. Nyonya uchafu kwa mpira, sehemu ndogo kila wiki, na usiguse mizizi.

Sasa maji yenyewe. Voi hupata maji ya mfereji kutoka chemchemi za Mzima, kwenye lile bomba la kwenda Mombasa lililojengwa miaka ya 1950. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu huzama katika miamba ya volkano na kutokea Mzima, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi, ikiwa safi kiasi kwamba mgeni anayeteremka kwenye chumba cha kioo kilichojengwa chini ya maji huwaona samaki waziwazi. Viboko hujisaidia humo kila siku, na bado maji hayageuki supu ya kijani, kwa sababu hayasimami: yanatiririka, na kuna viumbe wa kula kila kinachoota. Samaki wa jamii ya ningu huonekana wakilamba mwani hata kwenye ngozi za viboko. Tangi la nyumbani halina mkondo huo, kwa hiyo mkondo ni wewe na ndoo yako. Badilisha robo ya maji kila wiki. Wiki ambazo mwani umeshambulia, fanya hivyo mara mbili.

Maji ya mfereji huwa na klorini inayoua bakteria wazuri wa filta. Yaache kwenye ndoo wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia. Kwa kuwa wengi wetu tunaweka akiba mfereji unapokauka, hakikisha pipa ni la rangi nyeusi na lina mfuniko, maana pipa jeupe linalopenyeza mwanga huotesha mwani kabla maji hayajafika tangini. Kuhusu visima: sehemu nyingi za nyanda za chini za kaunti yetu visima hutoa maji ya chumvi, na mimea mingi ya tangi haiyavumilii. Maji ya mvua yaliyovunwa safi, yakichanganywa na ya mfereji, ni bora zaidi.

Mimea ya kuanzia iwe ile inayokua haraka: Ceratophyllum, ambayo haina mizizi na huelea tu, au Vallisneria yenye majani marefu membamba. Jaza nusu ya sakafu tangu siku ya kwanza. Usiende kung'oa mimea Mzima. Ndani ya hifadhi ya taifa hilo ni kosa la kisheria.

Mwani haufanani, na kila aina ina kisa chake. Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya ni dayatomu, na kwa kawaida hutoweka lenyewe tangi likishatulia. Nyuzi ndefu za kijani zizungushie mswaki wa zamani uzivute, kisha punguza mwanga. Vishungi vyeusi vigumu kwenye ncha za majani havitoki kwa kusugua. Kata majani hayo. Maji yakiwa ya kijani kote, funika tangi lote kwa blanketi kwa siku tatu au nne, usilishe, acha pampu ya hewa ikifanya kazi, kisha badilisha nusu ya maji. Utando wa kijani-buluu unaobanduka kama karatasi na kunuka vibaya si mwani hasa. Ni sayanobakteria, na baadhi yao hutoa sumu. Uondoe wote kwa kuunyonya, na unawe mikono kwa sabuni.

Dawa za kuua mwani naziweka mwisho kabisa, na kwa joto la Voi nazihofia. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Mwani mwingi ukifa kwa siku moja huoza, ukaila oksijeni hiyo ndogo na kutoa amonia, na amonia huwa kali zaidi maji yanapokuwa ya moto na yenye alkali. Ukiona samaki wanatweta juu ya maji alfajiri, ongeza hewa na ubadilishe maji mara moja. Dawa zenye shaba huua pia konokono na kamba wadogo.

Konokono wanaokula mwani ni wasaidizi wazuri, lakini wasitoke mitaroni wala kwenye mabwawa. Konokono wa maji baridi ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na ugonjwa huo unajulikana upande wa Taveta. Nunua waliozalishwa matangini. Hata maji ya bwawa usiyachote kwa ajili ya tangi. Mkono wako utazama humo kila wiki.

Mwani na mimea unayopunguza usitupe kwenye mto Voi, Lumi au mtaro wowote unaoelekea ziwani. Gugumaji lililotoka Amerika Kusini lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo wavuvi wa Kisumu wanapambana nalo. Jipe lina mzigo wa kutosha. Anika mabaki hayo juani hadi yakauke kabisa, kisha yafukie shambani chini ya sukuma au migomba. Maji machafu ya tangi nayo mwagia bustani siku hiyo hiyo. Ile nitrati iliyokuwa inalisha mwani ndiyo mbolea ya mboga zako.