Kijana Yuko kwa Nani?

Somo: Luka 2:41–52



Yesu alipokuwa na miaka 12, Yusufu na Mariamu walikwenda mwendo wa siku nzima kutoka Yerusalemu bila kumwona. Si kwamba hawakumjali. Walisafiri pamoja na jamaa na marafiki, wakadhani yumo kati yao. Walimpata baada ya siku tatu, hekaluni.

Mambo haya yangalipo. Mama hudhani mwanawe wa kidato cha pili amelala kwa rafiki yake. Na mama wa rafiki hudhani wote wawili wamelala kule. Marafiki wema ni msaada mkubwa, lakini hutufaa tukiulizana.

Tujifunze mambo matatu:

1. Wazazi wa vijana wanaotembea pamoja na wafahamiane. Ukimwona mtoto wa mwenzako mahali pasipofaa, mwambie mzazi wake, si majirani.

2. Mariamu alieleza uchungu wake, akauliza sababu, na mtoto akajibu. Nasi tumsikilize kijana kabla ya kumhukumu.

3. Mariamu hakulielewa jibu lile, lakini aliyatunza mambo hayo moyoni. Si kila kosa la kijana lipelekwe penye bomba la maji. Akijua kuwa aibu yake imetangazwa, hatatuambia neno tena.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

(a) Je, unawafahamu wazazi wa rafiki za mtoto wako?

(b) Akipatwa na shida usiku nawe hupo, atabisha mlango wa nani?