Picha za Ndege wa Uani Katika Somo la Sayansi

Utangulizi

Katika ziara zetu za kuwatazama wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha, tumeona jambo moja likirudiwa mara nyingi. Mwalimu anabandika ubaoni picha ya ndege iliyokatwa katika kalenda ya zamani. Ndege huyo ni wa nchi za baridi, ana kifua chekundu, naye amesimama juu ya theluji. Wakati huohuo, nje ya dirisha, mnana wanapiga kelele katika mnazi wakifuma viota vyao, wala hapana mtoto anayeruhusiwa kugeuka kuwatazama.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo kupata zana bora zaidi ya hiyo, yaani picha ambazo yeye na wanafunzi wake wamezipiga wenyewe katika uwanja wa shule au uani mwa nyumba. Tutaeleza vyombo vinavyohitajika, mbinu za kuvitumia, na namna ya kuliandaa somo. Lakini kabla ya hayo yote tunapenda mwanachuo akumbuke kanuni moja: kamera isitangulie macho, wala picha isitangulie uhai wa ndege.

Swali Kwanza, Picha Baadaye

Ndege hatulii. Mtoto humwona kwa nukta chache tu, kisha ameruka. Picha humtuliza, ikampa mtoto nafasi ya kuchunguza umbo la mdomo, idadi ya vidole na mpangilio wa manyoya. Hii ndiyo faida yake kubwa. Hata hivyo, picha iliyopigwa bila swali hufundisha kidogo. Mtoto ataisifu kwa uzuri wake, kisha ataisahau.

Tuchukue mfano wa mnana. Dume huanza kwa kufuma pete ya majani mabichi inayoning'inia tawini. Husimama ndani ya pete hiyo, akafuma chumba upande mmoja, kisha mlango upande wa pili. Kiota kikiwa tayari, hujining'iniza chini yake na kupiga mbawa ili kumwita jike. Jike huingia na kukikagua. Akikikubali, hutandika ndani nyasi laini na manyoya. Kisipokubaliwa na jike yeyote, majani yake hukauka na kugeuka rangi ya kahawia, na mara nyingi dume mwenyewe hukibomoa ili ajenge kipya. Wanasayansi Nicholas na Elsie Collias, waliowachunguza mnana kwa miaka mingi, walionyesha kwamba madume wachanga hufuma ovyo mwanzoni, na ustadi wao huongezeka kwa mazoezi.

Picha moja haiwezi kuyasimulia hayo. Lakini mwalimu akiuliza, "Je, viota vyote vinavyojengwa hutumika?" na darasa likapiga picha ya mti uleule, kutoka mahali palepale, saa ileile, kila siku kwa muda wa majuma mawili, picha hizo zitakuwa ushahidi. Watoto watahesabu viota vya kijani na vya kahawia, vilivyoongezeka na vilivyotoweka. Kazi hiyo haihitaji kamera ya gharama, kwa kuwa kinachopigwa ni mti mzima.

Waliotutangulia

Kazi hii ina historia ndefu. Katika mwaka 1892 ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai, na mwaka 1895 wakatoa kitabu juu ya viota vya ndege wa nchi yao kilichopambwa kwa picha za kamera. Kamera zao zilikuwa nzito, zikitumia vioo badala ya filamu, wala haikuwa rahisi kwazo kumvuta karibu ndege aliye mbali. Basi ilibidi wajifiche. Mwaka 1900 walitumia hata ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa juu ya fremu ya mbao, mpiga picha akikaa ndani yake, ili ndege wasiogope. Tunajifunza kwao kwamba upungufu wa chombo hufidiwa kwa subira na maarifa.

Vyombo

1. Simu yenye kamera. Hiki ndicho chombo ambacho walimu wengi wanacho. Udhaifu wake ni kwamba lenzi yake huona eneo pana, na hivyo ndege aliye umbali wa mita 10 huonekana kama nukta. Usijaribu kumvuta kwa kutanua vidole juu ya kioo kupita kiasi. Katika simu nyingi, baada ya kiwango fulani, kufanya hivyo ni sawa na kukata kipande kidogo cha picha na kukikuza, nayo hupoteza ukali. Ni afadhali kuisogeza simu kuliko kuikuza picha.

2. Kamera yenye lenzi ndefu. Chuo chenye kamera ya namna hii kitumie lenzi ya milimita 300 au zaidi. Kadiri lenzi inavyokuwa ndefu, ndivyo mtikisiko mdogo wa mkono unavyoharibu picha. Kwa hiyo itegemeze juu ya stendi ya miguu mitatu, au juu ya mfuko wa kitambaa uliojazwa mchanga na kuwekwa dirishani.

3. Sahani ya maji. Chukua sahani pana au kigae cha chungu, utie maji yasiyozidi kina cha sentimita 3, na uweke jiwe katikati. Shomoro, tetere na shore watakuja kunywa na kuoga. Badilisha maji kila siku ili yabaki safi na mbu wasipate mahali pa kuzalia. Iweke mahali pa wazi kiasi kwamba paka hawezi kunyemelea, lakini karibu na kichaka ambamo ndege wataweza kukimbilia.

4. Mahali pa kujificha. Dirisha la darasa linatosha. Ndege huogopa umbo la mtu linalotembea kuliko jengo lililosimama. Pasipo dirisha linalofaa, funga magunia au khanga kwenye vijiti vinne na uache tundu la lenzi. Acha kibanda hicho kwa siku mbili au tatu ndege wakizoee kabla ya mtu kuingia.

Mbinu za Kupiga Picha

Saa. Katika nchi zetu jua la mchana husimama utosini, likaangaza mgongo wa ndege na kuacha tumbo lake gizani. Saa nzuri ni baina ya saa 1 na saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 jioni. Asubuhi ina faida nyingine: ndege huwa na njaa, hivyo huonekana zaidi.

Upande wa nuru. Simama jua likiwa nyuma yako. Somo hili hueleweka vizuri kwa kumtazama chozi dume. Rangi zake zinazong'aa, za kijani au zambarau, hutokana hasa na umbo la ndani la manyoya yake linavyoirudisha nuru. Nuru ikimfikia kwa pembe nyingine, ndege huyohuyo huonekana mweusi. Mwanafunzi mmoja akasema ameona ndege mweusi na mwingine wa kijani, nao wote wakawa wakweli. Usimkatalie mtoto wa namna hiyo. Mpeleke upande wa pili wa mti akatazame tena.

Anga. Ndege aliye mbele ya anga jeupe hutoka kama kivuli. Katika simu nyingi unaweza kugusa kioo mahali alipo ndege, kisha ukatelezesha alama ya jua ili kuongeza nuru. Bora zaidi ni kuchagua mahali penye majani nyuma yake, na majani hayo yawe mbali naye.

Mwendo. Kwa ndege aliyetua, kilango cha kamera kifunguke kwa sehemu 1 ya 500 ya sekunde. Kwa anayeruka, sehemu 1 ya 1000 au ya 2000. Kadiri muda unavyofupishwa, ndivyo nuru nyingi zaidi inavyohitajika. Hiyo ni sababu nyingine ya kungoja siku ya jua.

Jicho. Lenga jicho la ndege. Jicho likiwa kali, picha husomeka hata kama mkia una ukungu. Teremka pia hadi usawa wake: picha ya shomoro iliyopigwa kutoka juu huonyesha mgongo tu.

Simu karibu na maji. Iegemeze simu juu ya jiwe, umbali wa nusu mita kutoka sahani ya maji, ianzishe kurekodi picha za video, kisha ondokeni wote hadi umbali wa mita 8 au zaidi. Mwache ndege aje mwenyewe. Baada ya dakika 10 chukueni simu, mchague picha iliyo bora. Hapa msemo wa wahenga kwamba mvumilivu hula mbivu hupata ushahidi wake.

Mipaka ya Mpiga Picha

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Katika shule moja tuliyofanyia mazoezi, watoto waligundua kiota cha shore katika kichaka cha uani. Kilikuwa na mayai matatu. Majani yalikizuia kisionekane vizuri, nasi tukaona si vibaya kukata matawi machache ili nuru ipite. Picha ilitoka safi kabisa. Tuliibandika ukutani, na mwalimu mkuu akatusifu mbele ya darasa.

Siku ya tatu kiota kilikuwa kitupu. Hatukumwona aliyeyachukua mayai, lakini kunguru walikuwa wengi katika uwanja ule, na sisi ndio tuliowafungulia mlango. Mtoto aliyekigundua kiota alituuliza kama mayai yale yalikuwa yameanguliwa. Tulimjibu ukweli. Kisha akauliza kama ile picha itaendelea kukaa ukutani. Swali hilo hatukulitazamia, na mpaka leo tunalikumbuka kila tushikapo kamera.

Majani yale tuliyoyaita kizuizi yalikuwa ndiyo paa na ndiyo ukuta. Yaliwakinga shore na jua, tena yaliwaficha na adui. Kutokana na kosa hilo tumejiwekea kanuni hizi, na tunamtaka kila mwanachuo azifuate:

1. Usikate wala kufunga tawi lolote karibu na kiota.
2. Kiota kilicho chini, kinachofikika kwa mkono, kisipigwe picha kwa karibu. Kitazamwe kwa mbali, tena kwa muda mfupi.
3. Usitumie taa ya kamera karibu na kiota wala makinda.
4. Ndege akipiga kelele za hofu, au akirukaruka na chakula mdomoni bila kuingia kiotani, ondokeni mara moja. Anangoja mwondoke.
5. Usimkamate, usimfunge, wala usimtupie jiwe ndege ili aruke kwa ajili ya picha.
6. Usiwaonyeshe watu wengi mahali kiota kilipo.

Mnana walio juu ya mnazi hawahusiki sana na hatari hii, maana picha zao hupigwa kutoka mbali. Ndiyo sababu tumewapendekeza kwa somo la kwanza.

Andalio la Somo

Darasa: la Nne au la Tano. Vipindi: vitatu. Lengo: mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kueleza jambo moja la tabia ya ndege kwa kutumia ushahidi alioukusanya.

Kipindi cha kwanza: kutazama bila kamera. Wanafunzi wakae kimya kwa dakika 15, kila kundi likimtazama ndege wa aina moja. Waandike au wachore wanachokiona, kisha kila kundi litunge swali moja. Maswali kama "Ndege huyu ni mzuri?" yakataliwe kwa upole. Maswali kama "Anakuja majini peke yake au na wenzake?" yakubaliwe.

Kipindi cha pili: kupiga picha. Darasa la wanafunzi 50 lenye simu moja lisitatizike. Katika kila kundi awepo mtazamaji, mwandishi, mtunza saa na mpiga picha, nao wabadilishane kazi. Mwandishi aandike tarehe, saa, mahali na hali ya hewa. Picha isiyo na maandishi hayo ni pambo, si ushahidi.

Kipindi cha tatu: kusoma picha. Kila kundi lionyeshe picha yake na kutaja mambo mawili: lile ambalo picha inathibitisha, na lile ambalo haiwezi kuthibitisha. Picha yenye ukungu isitupwe iwapo inajibu swali. Pasipokuwa na kamera kabisa, michoro ya kipindi cha kwanza itumike kwa hatua hizohizo.

Hitimisho

Mwalimu hatapimwa kwa uzuri wa picha atakazobandika ukutani. Atapimwa kwa macho ya wanafunzi wake: kama wamejifunza kutazama kwa makini, kusema waliloliona bila kuongeza, na kumwacha ndege pale walipomkuta akiwa salama. Tukiyapata hayo, hata picha yenye ukungu itakuwa imefanya kazi yake.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini kipindi cha kwanza hakitumii kamera?
2. Mwanafunzi wako amekuletea picha safi ya makinda, iliyopigwa kwa karibu sana. Utamjibuje bila kumvunja moyo?
3. Chagua ndege mmoja wa uani mwa chuo chako. Tunga maswali matatu yanayoweza kujibiwa kwa picha, na moja lisiloweza.