Kudhibiti Kiduha Bila Kemikali

Kiduha, ambacho Waluo hukiita kayongo, ni gugu lenye maua ya kupendeza na tabia ya unyonyaji. Mizizi yake hujipachika kwenye mizizi ya mahindi, mtama au wimbi, ikafyonza maji na virutubisho. Gugu linapochomoza juu ya ardhi, aghalabu zao limekwisha kudhurika. Isitoshe, mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu ziwezazo kudumu udongoni kwa zaidi ya miaka 10. Kung'oa pekee, basi, hakutoshi. Vita sharti vipiganwe chini ya ardhi.

Hapo ndipo umuhimu wa mbinu ya vuta-sukuma unapodhihirika. Mbinu hii ilibuniwa katika miaka ya 1990 na watafiti wa icipe nchini Kenya pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza. Mkulima hupanda desmodiamu baina ya mistari ya mahindi, na nyasi za Napier kandokando ya shamba. Desmodiamu huwasukuma mbali nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua. Napier huwavuta nje.

Fauka ya hayo, mizizi ya desmodiamu hutoa viini vinavyozichochea mbegu za kiduha kuota, na vingine vinavyoizuia michipukizi yake kujishikiza kwenye mahindi. Kwa kukosa wa kumnyonya, kiduha hufa, na akiba ya mbegu udongoni hupungua msimu baada ya msimu.

Palizi ya makini yahitajika mwanzoni. Hata hivyo, mkulima hupata pia nitrojeni shambani na lishe ya mifugo. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu: elimu hii imfikie mkulima kwa lugha aielewayo.