Sumaku ya Umeme katika Mashine ya Pinboli

Pinboli ni mchezo wa mashine ya sarafu, ambamo gololi ya chuma huviringika juu ya ubao ulioinama. Mwaka 1942 jiji la New York, Marekani, liliupiga marufuku kwa kuuhesabu kuwa kamari.

Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilitoa "Humpty Dumpty", mashine ya kwanza yenye vibao vya umeme vya kuirudisha gololi juu. Mchezaji abonyezapo kitufe, mkondo wa umeme hupita katika koili. Usumaku wake huvuta kipande cha chuma kilichoungana na kibao. Hivyo ustadi ukaanza kuishinda bahati.

Mwaka 1976 Roger Sharpe aliudhihirisha ustadi huo mbele ya wajumbe wa baraza la jiji, na marufuku ikaondolewa.

Swali: Kwa nini kipande hicho hakiwezi kuwa cha shaba?