SOMO: MWANACHAMA ALIYETIBIWA SARATANI YA KINYWA

Saratani ya kinywa hutibiwa kwa upasuaji, kwa mionzi, kwa dawa, au kwa njia hizo kuunganishwa. Matibabu hayo huokoa maisha, lakini aghalabu huacha athari katika mambo matatu: mate, ladha na usemi. Wasiofahamu jambo hili hudhani kwamba mwenzao amerogwa au kwamba tiba imeshindwa, nao humshauri aiache katikati. Shauri hilo laweza kumwua.

Mgonjwa atokaye vijiji vya Mchuchuma, wilayani Ludewa, hupitia Njombe na Makambako katika safari ndefu ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida siku tano kila juma, kwa muda wa majuma sita hadi saba. Shida za kinywa huzidi majuma ya katikati na ya mwisho, na hapo ndipo wengi hutamani kurudi nyumbani. Ni wajibu wa wenzake kumtia moyo amalize.

1. Mate
Mtu mzima hutoa mate kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Mionzi ikizifikia tezi za mate, mate hupungua na kuwa mazito. Ugali mkavu haumezeki, na meno, yakikosa kinga ya mate, huoza upesi. Mate yaweza kuchukua mwaka au zaidi kuongezeka, na pengine yasirudi yote.

Mgonjwa anywe maji mara kwa mara, asukutue kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, na apige mswaki kwa dawa yenye floraidi. Meno mabovu hung'olewa kabla ya mionzi. Baada ya hapo, asing'olewe jino lolote, hata baada ya miaka mingi, pasipo kumweleza tabibu kwamba alipigwa mionzi, kwa maana mfupa wa taya huweza kukataa kupona.

2. Ladha
Chakula huwa hakina ladha, au huwa na ladha kama ya chuma. Kwa wengi ladha hurejea baada ya miezi kadhaa. Katika muda huo asile kwa kufuata hamu, bali kwa kufuata saa. Uji wa maziwa, viazi vilivyopondwa, maharage laini na parachichi lililoiva, vyote hupatikana Njombe. Ajiepushe na pilipili, ndimu, tumbaku, ugoro, gongo na ulanzi.

3. Usemi
Sauti za T, D, L, N na R hutaka ncha ya ulimi. K na G hutaka sehemu ya nyuma. P, B na M hutaka midomo. Aliyekatwa sehemu ya ulimi hupata taabu kutamka sauti za ulimi. Mazoezi ya kusema polepole kila siku husaidia. Ieleweke kwamba usemi kuharibika si akili kuharibika.

Wajibu wa chama
Penye mizani, tarakimu kama thelathini na sitini zaweza kusikika vibaya. Karani asikisie: aandike uzito na kumwonyesha mwenye mazao kabla ya kutoa stakabadhi. Katika mkutano mkuu, mwenyekiti ampe muda wa kutosha, au hoja yake iandikwe na kusomwa mbele yake. Mwanachama mmoja ana kura moja, na kura hiyo haipungui kwa sababu ulimi umepungua.

Mwisho, kidonda cha kinywa kisichopona kwa majuma mawili kipelekwe hospitali mapema.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini mgonjwa asiache mionzi katikati?
2. Ni chakula gani kijijini kwenu kinachomezeka bila mate mengi?
3. Chama chenu kina utaratibu gani wa kumsikiliza mwanachama asiyeweza kusema vizuri?