Baada ya Wenzao Kupunguzwa Kazi

Kampuni inapopunguza watu, wengi wetu huwahurumia wale wanaoondoka, na ni haki. Lakini tumezungumza mara nyingi na wale waliobaki, tukakuta hasira yao ni kubwa kuliko tulivyodhani, nayo yawaelekea wakubwa. Kwa nini? Mtu aliyebakiwa na mshahara wake ana nini cha kunung'unikia?

Tutazame mfano uliojulikana dunia nzima. Tarehe 20 Januari 2023 mkuu wa kampuni ya Google, Bwana Sundar Pichai, aliwaandikia wafanyakazi kwamba watu wapatao 12,000 wataondolewa. Alieleza kuwa kampuni iliajiri kwa wingi ikitazamia hali ya uchumi ambayo haikudumu, na kwamba dhamana ya maamuzi hayo ni yake yeye mwenyewe. Wala malipo ya kuondokea hayakuwa haba. Wale wa Marekani waliahidiwa mshahara wa majuma 16, pamoja na majuma mawili kwa kila mwaka wa utumishi. Ni wangapi miongoni mwetu wamepata kuagwa hivyo?

Hata hivyo manung'uniko hayakuzimika. Kwanza ni jinsi habari ilivyowafikia watu. Wengine walijua wameachishwa pale walipojaribu kuingia katika kompyuta ya kazi, wakakuta wamefungiwa. Walikuwamo waliotumika zaidi ya miaka 15, wasipate hata nafasi ya kuwaaga wenzao. Basi aliyebaki aliona jinsi siku yake mwenyewe inavyoweza kuja.

Pili, watu waliuliza dhamana ile ina uzito gani. Mwaka 2022 Alphabet, kampuni mama ya Google, ilipata faida ya karibu dola bilioni 60. Mwezi Aprili 2023 hati zake zikaonyesha kuwa malipo ya Bwana Pichai kwa mwaka 2022 yalihesabiwa karibu dola milioni 226. Tusimwonee: sehemu kubwa ilikuwa hisa, ambazo hupewa kila baada ya miaka mitatu, tena alikuwa amekwisha kusema kwamba wakubwa wa juu watapunguziwa bonasi. Lakini aliyepoteza kazi na aliyepunguziwa bonasi hawakubeba mzigo mmoja, na wafanyakazi waliliona hilo bila kufundishwa.

Mwezi Machi 2023 wafanyakazi wapatao 1,400 walitia sahihi barua ya wazi kwa mkuu wao. Walitaka kampuni isiajiri wapya wakati inapowatoa wa zamani. Itafute kwanza wanaotaka kuondoka kwa hiari. Nafasi zikitokea, walioachishwa wafikiriwe kwanza. Na aliye katika likizo ya uzazi au ya msiba aachwe aimalize. Twaona kwamba kiini chake si fedha. Ni kutendewa kama watu.

Huko Japani kampuni ya michezo ya kompyuta, Nintendo, ilipata hasara mwaka 2014, baada ya mashine yake ya Wii U kuuzwa kidogo mno kuliko ilivyotazamiwa. Mkuu wake, Satoru Iwata, alikata nusu ya mshahara wake kwa miezi mitano, na wakurugenzi wengine wakakatwa sehemu ya mishahara yao. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amewaambia wenye hisa kwamba mfanyakazi mwenye hofu ya kufukuzwa hawezi kutengeneza kitu cha kuwapendeza watu. Hatusemi kampuni hiyo haina doa, maana mwaka huo huo wa 2014 ilifunga ofisi moja nchini Ujerumani na watu wakapoteza kazi. Lakini alianza na mfuko wake, na kila mtu aliweza kuhesabu alichotoa.

Miongoni mwetu wako wenye maduka, wakuu wa shule, na wajumbe wa kamati zinazoajiri. Basi kikundi kizungumze hili: ikitupasa kupunguza watu watatu mwezi ujao, ni nani atakayewaambia, atawaambia wapi, na waliobaki wataisikia habari hiyo kutoka kwa nani?