Kupanga Mzigo wa Umeme kwenye Soketi za Nyumbani

Waya hupata joto kila umeme unapopita ndani yake, na joto hilo halikui sambamba na mzigo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, joto hufika mara tisa. Ndiyo maana soketi iliyohudumia redio, feni na chaji ya simu kwa miaka bila tatizo huweza kuungua muda mfupi baada ya jiko la umeme kuingia nyumbani. Ganda la plastiki la nyaya nyingi za majumbani limetengenezwa kuhimili takriban nyuzi 70 za Selsiasi. Likikaa juu ya kiwango hicho siku baada ya siku hukauka, hupasuka na kuacha shaba wazi. Watu husema nyumba imeungua kwa shoti, na mara nyingi ni kweli, ila shoti huwa hatua ya mwisho. Kinachoitangulia huwa mzigo uliozidi au muunganiko uliolegea, ambao umekuwa ukiunguza waya polepole kwa miezi.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi, na umeme ni sehemu ya nishati hiyo. Kuondokana na moshi wa kuni na mkaa ni nafuu kubwa kwa mapafu ya wapishi na ya watoto wanaoshinda jikoni. Lakini nyumba nyingi zilitandazwa nyaya wakati ambapo kifaa kizito kuliko vyote kilikuwa pasi. Jiko la presha la umeme likichomekwa kwenye nyaya hizo bila hesabu yoyote, familia imeepuka moshi wa mkaa na kujiweka karibu na moshi wa nyumba inayoungua.

Hesabu yenyewe

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, na wa Kenya ni volti 240. Kila kifaa kina kibandiko, kwa kawaida chini au nyuma, kinachoonyesha wati zake. Wati zikigawanywa kwa volti hupatikana ampea, yaani kiasi cha mkondo ambao waya utalazimika kubeba. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 huvuta karibu ampea 8.7. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5.2. Televisheni ya wati 100 haifiki hata nusu ampea, na taa ya LED ya wati 9 ni kama haipo.

Soketi ya matundu matatu ya pini bapa, inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda, hubeba ampea 13, sawa na wati 3,000 hivi. Soketi pacha haibebi maradufu ya hapo. Nyingi hutengenezwa kwa jumla ya ampea 20 pande zote mbili, kwa hiyo jagi na jiko la plati mbili havipaswi kufanya kazi pamoja juu yake kwa muda mrefu.

Wingi wa vifaa hauogopeshi. Kinachochosha nyaya ni vile vinavyozalisha joto: jiko, jagi, pasi, oveni, hita ya maji, mashine ya kukaushia nywele. Chaji kumi za simu kwa pamoja huvuta kidogo kuliko pasi moja. Vifaa vyenye mota huhesabiwa kwa namna yake. Friji inayotumia wati 150 ikiwa imetulia huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho kwa sekunde chache inapowaka. Umeme ukipungua nguvu, kama inavyotokea jioni mtaa mzima unapopika, mota ya friji au ya pampu huhangaika kuanza, ikivuta mkondo mkubwa na kujipasha joto bila kuzunguka ipasavyo. Nyakati hizo ni salama zaidi kuichomoa hadi umeme urudi kwenye hali yake.

Breka inalinda nini

Kutoka kwenye ubao wa breka, nyumba hugawanywa katika saketi. Taa kwa kawaida hutumia kebo ya milimita za mraba 1.5 yenye breka ya ampea 6 au 10. Soketi hutumia kebo ya milimita za mraba 2.5, na breka yake ni ya ampea 20 ikiwa kebo inakwenda upande mmoja na kuishia huko, au ampea 32 ikiwa inazunguka na kurudi kwenye ubao. Hita ya maji ya kuoga ya wati 5,000 huvuta karibu ampea 22 peke yake, kwa hiyo lazima iwe na kebo nene na breka yake. Jiko kubwa lenye oveni vivyo hivyo, na kiyoyozi nacho hufungiwa saketi yake.

Breka imechaguliwa kulinda kebo iliyofukiwa ukutani, na hapo ndipo kazi yake inapoishia. Haijui kama kuna ekstensheni nyembamba iliyochomekwa mbele ya soketi. Wala si nyepesi kukata kama wengi wanavyodhani. Shoti huikata papo hapo, lakini mzigo uliozidi huipa muda: breka ya ampea 20 inayobebeshwa ampea 29 inaruhusiwa kukaa hadi saa nzima kabla ya kukata. Katika saa hiyo kebo ya ukutani huvumilia. Waya mwembamba wa ekstensheni hauvumilii.

Kosa lisilosameheka ni kuongeza ukubwa wa breka kwa sababu inakata mara kwa mara. Familia imechoka kuamka usiku kuirudisha, fundi anaitwa, anaweka ya ampea 40 badala ya 20, na kuanzia siku hiyo umeme haukatiki tena. Kebo ni ileile, joto ni lilelile au zaidi, na mlinzi ameondolewa. Breka inayokata kila jioni inatoa taarifa sahihi. Dawa yake ni kupunguza mzigo au kuongeza saketi mpya yenye kebo yake.

Ekstensheni na plagi

Ekstensheni ya matundu manne au sita hushawishi watu kuamini kwamba kila tundu lina ampea 13. Yote kwa pamoja hayawezi kuzidi ampea 13 za plagi yake, na mara nyingi waya wenyewe haufiki hapo. Waya laini wa milimita za mraba 0.75 unabeba ampea 6, yaani wati 1,380. Jagi moja tu limeshauzidi. Wa milimita 1.0 unabeba ampea 10. Ni wa milimita 1.25 kwenda juu ndio unaostahili ampea 13. Kipimo hicho huchapishwa kwenye ganda la waya, na ekstensheni isiyo na maandishi yoyote haifai kwa kifaa cha joto. Sokoni zipo pia nyaya za alumini iliyopakwa shaba juu: ncha ikikwanguliwa kwa kisu, weupe hutokeza chini ya rangi nyekundu. Waya huo hupata joto zaidi kuliko shaba halisi ya unene uleule.

Ekstensheni iliyoviringishwa hushindwa kutoa joto lake, kwa hiyo hukunjuliwa yote kabla ya kubebeshwa mzigo mkubwa. Chini ya zulia au godoro haipaswi kupita kabisa, na kuchomeka ekstensheni juu ya ekstensheni ni kuzidisha viunganiko vinavyoweza kulegea.

Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani yake. Taa ya mezani au redio inastahili fyuzi ya ampea 3, pasi na jagi ampea 13. Kufunga kipande cha waya au karatasi ya fedha ya sigara mahali pa fyuzi iliyoungua ni kuondoa kinga pekee ya waya wa kifaa. Hatari inayofanana na hiyo, na iliyoenea zaidi, ni kusukuma kijiti au kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili za mviringo iingie. Plagi hiyo haina fyuzi, pini zake hazikai sawa, na pale zinapogusa kidogo tu cheche huanza. Adapta nzuri yenye fyuzi hugharimu kidogo mno ikilinganishwa na chumba kilichoungua.

Kupanga jiko la familia

Mfano mmoja: jiko lenye saketi moja ya breka ya ampea 20. Uwezo wake ni wati 4,600, na kwa mizigo inayodumu ni busara kuacha sehemu ya tano ya akiba, zikabaki wati 3,680. Friji ina wati 150, jiko la presha 1,000, jagi 2,000, maikrowevu 1,200 na blenda 400. Vyote pamoja ni wati 4,750, kupita uwezo wa saketi. Maikrowevu ikisubiri jagi limalize, mzigo hushuka hadi 3,550, na jagi la lita moja na nusu huchemsha kwa takriban dakika tano tu. Hakuna kinachokosekana mezani. Kilichobadilika ni zamu. Pasi ya sebuleni, kama iko kwenye saketi hiyohiyo, nayo huingia kwenye zamu.

Nyumba za kupanga ni ngumu zaidi. Vyumba sita vyenye soketi mojamoja juu ya kebo moja, kila chumba kikiwasha plati ya wati 1,000 jioni, hufanya wati 6,000 au ampea 26 kwenye saketi ya ampea 20. Katika ufungaji wa aina hii kebo hutoka soketi moja kwenda nyingine, kwa hiyo skrubu za soketi iliyo karibu na ubao hubeba mkondo wa vyumba vyote vinavyofuata. Mpangaji wa chumba hicho huweza kulaumiwa kwa soketi iliyoungua ilhali yeye hupasha chai tu. Hapa mpango hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Wapangaji hukubaliana zamu za kupika na kupiga pasi, na mwenye nyumba hugharimia kugawa vyumba katika saketi mbili au tatu. Gharama hiyo ni yake kwa haki, kwa kuwa kodi anayopokea ni ya chumba kinachokalika.

Kazi hiyo hufanywa na fundi mwenye leseni: Tanzania hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Akiwa hapo inafaa aongeze kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30, ambacho humwokoa mtu aliyeguswa na umeme katika sehemu ndogo ya sekunde, jambo ambalo breka ya kawaida haiwezi.

Dalili na dharura

Plagi yenye joto kali mkononi, soketi iliyobadilika rangi kuwa kahawia, harufu kama ya samaki au plastiki inayoungua, mlio wa cheche, taa zinazofifia jagi linapowashwa: kila moja inatosha kuacha kutumia soketi hiyo hadi ikaguliwe.

Moto ukianza, umeme hukatwa kwenye meni swichi kama inafikika kwa usalama. Maji hayamwagwi juu ya kifaa chenye umeme. Hutumika kizimamoto cha poda kavu au cha kabonidioksidi. Chumba kikijaa moshi, watu hutoka wakiinama chini, kwani moshi wa plastiki huua kabla ya moto, na Zimamoto nchini Tanzania hupigiwa 114.

Aliyenaswa na umeme haguswi kwa mikono kabla umeme haujakatwa. Swichi isipofikika, mtu huyo husukumwa kwa mti mkavu na msaidizi aliyesimama juu ya kitu kikavu. Asiyepumua huanza kukandamizwa kifua mara moja. Jeraha la moto huwekwa chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila mafuta, asali wala dawa ya meno. Hata anayeonekana mzima hupelekwa kituo cha afya, kwa sababu umeme huunguza misuli ndani kuliko ngozi inavyoonyesha, na mapigo ya moyo huweza kuvurugika.